Nyumba Iliyofungwa ya Kokushubila

Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023. Mvua ilinyesha Izigo tangu alfajiri, ikakatika kidogo watu walipomaliza chai, kisha ikarudi kutoka upande wa ziwa.

Immakulata Kokushubila, mjane wa marehemu Lwakatare, alikuwa jikoni akisogeza kitanda. Jiko hilo la udongo ndilo alilohamia tangu nyumba ya zamani ibomolewe. Lilivuja upande wa miguu, akakisukuma kitanda hadi karibu na mafiga. Mbele ya mlango wake ilisimama nyumba mpya: bati jekundu, vigae, madirisha ya vioo. Mwanawe Mujuni, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliimaliza kabla ya Pasaka. Funguo zilikaa na binamu yake Rwekaza, mjini Miembeni, ambaye huja kwa pikipiki kufuta vumbi na kufunga tena.

Barabarani watu walimsifu Mujuni kwa kumheshimu mama yake. Kokushubila naye, akienda misibani kwa wengine, alikuwa akitazama nyumba kwanza, ndipo awape pole wenyewe.

Siku hiyo Mujuni alikuwepo, na mama yake alikuwa ameazimia kumwomba chumba kimoja. Kabla hajatoka jikoni akasikia panga. Rwekaza alikuwa anaikata migomba ya nshakala iliyo uani, ile aliyoipanda Lwakatare mwenyewe.

“Rwekaza! Mkungu huo haujakomaa!”

“Amri ya mwenye nyumba, Shangazi.”

“Mwenye nyumba yupi?” alidakia jirani yao Klaudia kutoka upande wa pili wa ua. “Mimi ninayemjua analala na kuku.”

Mujuni akacheka, akamshukuru kwa Kihaya. “Kasinge, Ma Klaudia. Tunapanua uwanja tu, magari yapate pa kugeukia.” Akatembea juu ya majani yaliyoanguka, akionyesha kwa mkono. “Hapa turubai moja, pale la pili. Wapishi wakae nyuma.”

“Kuna harusi?” mama yake akauliza.

Rwekaza akaanza kufuta panga kwa jani.

“Nimekuuliza, Mujuni. Harusi ya nani?”

“Mama, unakumbuka msiba wa Baba. Mvua kama hii. Watu wa ofisini kwangu walisimama kwenye matope, hawana pa kukaa. Na ukoo ukanisema pale pale, mbele ya jeneza, kwamba nina kazi nzuri na baba yangu anatolewa kwenye nyumba ya udongo. Sitaki yanirudie.”

“Yakurudie siku gani?”

“Mama, sikusema hivyo.”

“Basi nipe chumba kimoja, cha nyuma, nikiwa bado naweza kuiona dari. Kule jikoni nanyeshewa.”

Mujuni akaangalia viatu vyake. “Utaingia na moshi, Mama. Na nyasi zako za kutandika chini. Kuta zile ni nyeupe. Subiri Krismasi, Padri aje aibariki, tutaona.”

Wakati wa kuezeka alisema Pasaka. Pasaka ilipofika akasema Agosti.

“Si umpe tu!” Klaudia akapaza sauti. “Kuta si zinapakwa rangi tena?”

Mujuni alimwachia mama yake blanketi zito na mfuko wa sukari, akaweka kichwa chake chini ya mkono wa mama ambariki, naye akambariki. Kisha Rwekaza akafunga mlango, akampeleka Mujuni uwanja wa ndege. Kokushubila akasogea dirishani kuchungulia. Sebuleni walikuwa wametundika picha yake kubwa, amevaa kitenge cha Pasaka. Ilikuwa mahali pakavu kabisa.

Kesho yake, Jumapili, hakwenda misa. Alichukua jembe, akachimbua kwenye visiki machipukizi ambayo hayakuharibiwa na panga, akaanza kuyapanda uani, pale pa turubai la kwanza. Waliokuwa wakienda kanisani walisimama kutazama.

“Ma Kokushubila, leo Jumapili!” Klaudia alimwambia, amevaa nguo za kanisani.

“Niombee huko.”

Rwekaza alipokuja kung’oa visiki alimkuta ameshafika karibu na ngazi za nyumba. Akashindwa la kufanya, akapiga simu Dar es Salaam. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, na mvua ilikuwa haijaanza.

“Mwache apande,” Mujuni alisema. “Siku ya maturubai tutaikata migomba.”

Rwekaza akakata simu. “Anasema hakuna neno, Shangazi.”

“Nimesikia anavyosema,” alijibu Kokushubila, akaingiza jembe kwenye shimo lililofuata.