Siku Nilipomgeuza Mwalimu Kuwa Mzungu

Kuna kanisa moja hapa Bukavu ambalo mpaka leo naingilia mlango wa pembeni, na mkiniona hivyo msidhani ni unyenyekevu, ni haya tupu. Pale wananiita Maman Muzungisha. Jina hilo sikupewa na adui. Nilijitafutia mwenyewe, kwa kichwa changu hiki kigumu ambacho kikishaamua kimeamua, na kwa kuwa leo mmeniuliza mbele ya watu, basi kaeni, nitawaeleza, ila atakayecheka kabla sijamaliza atalipa soda.

Ilikuwa ni wakati wa vita (ile ya pili, kama bado kuna anayetofautisha). Nilikuwa nafanya kazi kwenye atelye ndogo ya kuchapa, patron wetu akiwa Papa Zihindula, mtu mwema lakini mbahili wa karatasi, na alikuwa na sababu, maana malori yalikuwa yanakwama mpakani na karatasi moja iliyokunjika vibaya ilimuuma kama jino. Alikuwa amejipatia mashine ya kidijitali, kuukuu lakini nzima, na kando yake kontrolere, yaani ile kompyuta inayopokea kazi, inaitayarisha na kuiamuru mashine ichape nini. Mimi ndiye niliyeijua kontrolere ile kuliko wote, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba naijua.

Siku moja akaja Maman Mapendo, mjane wa mwalimu mmoja aliyeitwa Cirhuza, aliyefundisha miaka mingi hapa mjini. Mwalimu alikufa kwa homa, dawa zikiwa upande mwingine wa barabara iliyofungwa. Mjane alikuwa amekimbilia kwa wakwe zake huko Mudaka, nje ya mji, na sasa walikuwa wanaandaa misa ya kumaliza kilio hapa mjini, kwenye parokia ya mwalimu. Alitaka kitabu kidogo cha misa, na juu ya jalada sura ya mume wake. Nyumba yao ilikuwa imeporwa, albamu na vyote, ikabaki picha moja tu ya kadi ya shule, ambayo alikuwa amekimbia nayo ndani ya kitambaa cha kifuani.

"Mwanangu Nsimire," akaniambia, "fanya vizuri. Mutoto wa mwisho nilikuwa naye tumboni wakati baba yake alikufa. Hii sura njo atamujua nayo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mimi mwalimu sikuwahi kumwona hata siku moja, hilo mlishike.) Nikaikagua picha, nikaitengeneza, nikaingiza kazi kwenye kontrolere, ikawa tayari. Kilichobaki ni epreve, mfano wa kazi ambao mwenye kazi anautazama na kuuwekea sahihi kabla hatujachapa. Kwetu sahihi ile ndiyo amri. Ukishasaini, hata tukichapa kichwa chini, umesaini. Lakini Papa Zihindula akasema epreve ya karatasi hakuna, wino wa unga umekaribia mwisho, na mjane naye hakuweza kupita bariera za wanajeshi barabarani mara mbili kwa wiki.

Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Kontrolere ile iliweza kutoa epreve ya kutazamwa kwenye kioo cha kompyuta tu, bila karatasi, bila wino, kurasa zote kama zitakavyotoka. Nikaiweka kwenye kompyuta ndogo ya kubeba ya patron, nikapanda gari ya Mudaka, nimeipakata kama mtoto wa kwanza.

Kwenye bariera mwanajeshi akaniona na mfuko, akaniuliza kwa Kilingala ni nini.

"Eza nini oyo?"

"Ordinatere, chef."

"Fungola."

Nikafungua. Akataka kuona inawaka. Ikawaka. Akaita mwenzake naye aone, mwenzake akataka kujua kama ina muziki, wakabonyeza huku na huku mpaka nikaona betri inayeyuka mbele ya macho yangu. Nikajiambia, Nsimire, ukifika Mudaka na kompyuta iliyokufa utawaonyesha nini? Basi nikapunguza mwanga wa kioo mpaka chini kabisa ili betri ifike. Ni kitu kidogo tu, kubonyeza mara chache. Kisha nikasahau. Mungu wangu, nilivyosahau!

Mudaka wakanipokea kwa chai na mihogo, tukakaa sebuleni, mlango wazi, jua linaingia lote. Walikuwepo Maman Mapendo na shemeji yake Tonton Kizito, kaka wa marehemu, mtu wa ofisi, mwenye kalamu mfukoni hata akiwa na ndara. Nikafungua epreve. Wakasogea.

"Lakini macho yake haionekane," akasema Maman Mapendo. "Papa Cirhuza alikuwa na macho ya kucheka. Hapa iko giza tu."

"Ongeza mwangaza, mademoiselle," akasema Tonton Kizito.

Nikaongeza. Niliongeza kwenye picha yenyewe, kile kioo nilichokipunguza mwanga sikukikumbuka. "Kidogo tena." Nikaongeza. Mjane akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Naanza kumuona... ongeza tena kidogo." Nikaongeza kwa moyo wote, jamani, nilikuwa kama mama anayemwaga maji kwa mwenye kiu, mpaka macho yakaonekana na Maman Mapendo akaanza kulia akisema njo huyu, njo yeye. Tonton Kizito akachomoa kalamu, akasaini fomu ya kazi niliyokuja nayo. Nikarudi Bukavu nimevimba kwa fahari.

Umeme, ambao siku zile ulikuja na kuondoka, ulirudi kesho yake asubuhi, na kwa sababu hakuna aliyejua utakaa muda gani, nikaingiza ile picha iliyorekebishwa, nikabonyeza chapa. Vitabu vikaanza kutoka. Papa Zihindula akachukua kimoja, akakitazama, akakigeuza, akanitazama mimi.

"Nsimire, huyu marehemu ni Mushi wa hapa kwetu ao ni muzungu Mubeleji?"

"Papa, familia imesaini."

"Naona imesaini. Nakuuliza macho yako inaona nini."

Macho yangu yaliona, siwadanganyi. Yaliona mtu mweupe kama aliyeoga na unga wa muhogo. Lakini nilikuwa na sahihi mkononi, na nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakilia kwa furaha, sasa nani mimi nibishane na mjane juu ya sura ya mume wake? Nikamjibu patron wangu kwamba huenda marehemu alikuwa mweupe wa asili, wapo. Papa Zihindula akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikafunga vitabu kwenye katoni, nikavipeleka mwenyewe parokiani Jumamosi, nimevaa kitenge kipya (maana nilitaka na mimi nionekane).

Wakati wa kugawa nikasimama mlangoni. Wa kwanza akachukua, akatazama, akaingia kimya. Wa pili vilevile. Kisha wanafunzi wa zamani wa mwalimu, vijana wakubwa, wakaanza kubanana mabega, na kicheko kile cha kanisani kinachotokea puani nikakisikia kinasambaa benchi hadi benchi. Nyuma yangu mzee mmoja akamuuliza mke wake kwa sauti kama siku hizi misa za mapadri wazungu wa zamani zinafanywa tena. Mke wake akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Roho yake ipumzike, walitujengea shule."

Hapo jasho likaanza. Na bado. Wakamleta Koko, mama mzazi wa marehemu, kutoka Katana, mzee sana, anashikwa mikono yote miwili. Siku ile ya epreve hakuwepo kule Mudaka. Nikampa kitabu kwa heshima zote. Akakisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, akakisogeza tena. Kisha akasimama katikati ya kanisa, akapaza sauti mpaka padri mwenyewe akanyamaza.

"Munanipatia sura ya padri gani? Mutoto wangu iko wapi? Nimetembea njia yote hii kulilia mutoto wangu. Iko wapi?"

Maman Mapendo akageuka kunitazama. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alishika kile kitabu kwa vidole viwili, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa mwisho, yule ambaye kwa sura hii angemjua baba yake.

Nilitamani ardhi ya Bukavu, ambayo huporomoka hata kwa mvua ndogo, iporomoke nami pale pale. Haikuporomoka. Basi nikajiambia, sawa, Nsimire, umeaibika tayari, hakuna tena cha kupoteza, songa. Nikaenda mpaka benchi la mbele, ambako Papa Zihindula alikuwa ameketi.

"Papa, nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa atelye. Na wa gari."

"Umeme umekatika, na grupu haina mafuta."

"Gari yako iko nayo."

Akatoa funguo zote.

Niliteremka kilima kile kitenge nimekishika magotini. Nikafyonza kwa mpira petroli ya gari, iliyokuwa imeegeshwa pale atelye (na nusu nikaimeza), nikamimina kwenye ile grupu, yaani jenereta, nikaivuta ikakataa, nikaivuta tena nikiitukana kwa Kishi na kwa Kifaransa, ikawaka. Kwenye kontrolere ile kazi ya kwanza, ya kabla ya safari ya Mudaka, ilikuwa bado imehifadhiwa, sikuwa nimeifuta. Nikachapa jalada peke yake. Wino ulinionea huruma, ukatosha. La kwanza lilipotoka nikalipeleka mpaka mlangoni penye jua, na mtu mmoja mweusi, wa makamo, mwenye macho ya kucheka, akanitazama. Nikalia kidogo, nikaendelea kuchapa.

Nilirudi wanatoka kwenye komunyo, nanuka petroli, kitenge kipya kina wino mpaka kiunoni, na watu wakanipisha kama mgonjwa wa kipindupindu. Sikujali. Nilikwenda moja kwa moja kwa Koko, nikapiga magoti, nikampa jalada. Hakulitazama mle ndani. Aliinuka, akajikokota mpaka kwenye mlango mkubwa, kanisa zima likimngoja na padri mkono juu, akaliinua jalada lile kwenye mwanga wa mchana, akalikazia macho. Kisha akaliweka shavuni.

"Huyu njo yeye," akasema. "Sasa naweza kumulilia."

Na akalia, na Maman Mapendo akalia, na wale vijana waliokuwa wanacheka wakalia kuliko wote.

Kicheko cha mji kilikuja baadaye, na jina, na mlango wa pembeni. Vyote nimevikubali. Lakini tangu siku ile, picha ya mtu haitoki mikononi mwangu kwa kioo peke yake, hata karatasi iwe imebaki moja Bukavu nzima. Na wewe ukiniletea sura ya mtu wako nichape, usije na kalamu. Njoo na mama yake.