Mpiga Picha wa Treni ya Mwisho

Kila alipopangusa lenzi kwa vidole vyake laini visivyojua kazi, mpiga picha kutoka Tokyo alivuta kamasi na kusema anaipenda mno reli hii inayofungwa leo. Bi Kinue, ambaye mumewe alifukiwa na theluji akiitengeneza, alimtazama akabetua midomo.

"Umekuja na treni, mwanangu?"

"Nimekuja na gari, bibi. Treni hii inachelewesha."

Treni ya mwisho ilipotokeza, Kinue aliinama kuweka tonge la wali la tambiko kando ya reli, pale alipofia mumewe.

"Bibi, sogea kidogo, unaniharibia picha."

Kinue alijinyoosha, akasimama mbele ya kamera mpaka behewa la mwisho likapotelea bondeni. Mpiga picha akaanza kulia.

"Lia," Kinue akamwambia. "Wenzako tulilia zamani."