Fundi wa Makaburi Aliyekosea Hatua Mbili

Alizaliwa mwaka 1931, mtoto wa saba wa mkunga na dereva wa lori, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mama yake alisimulia kwamba alitambaa kabla hajajua kukaa, na tangu hapo hakuna kiti kilichomweza. Majirani wakamwita Kiguu na Njia, na jina likamganda. Mjomba wake, mchonga mawe ya makaburi, alimchukua karakanani akitumaini patasi itamfundisha utulivu. Wapi! Alichonga herufi nzuri kuliko mjomba wake, lakini alichonga amesimama, akihamia mguu huu na ule.

Tusimpambe kupita kiasi. Ujanani alikuwa na papara, na papara hiyo ilimponza. Mwaka 1958 homa iliua watoto sita wa parokia katika juma moja. Walizikwa haraka katika safu moja, na wazazi walizuiwa kusogea. Wanne waliwekewa misalaba ya mbao na mchimba kaburi mwenyewe. Wawili waliagiziwa mawe. Mchimba kaburi, ambaye hakujua kusoma, alimweleza fundi kwa mdomo: mtoto wa kiume wa mshonaji yuko kaburi la tatu, binti wa mwoka mikate la nne. Fundi akahesabu kuanzia ukuta wa kanisa, akasimika mawe, akaenda zake.

Miaka kumi na moja baadaye mchimba kaburi, akijiandaa kustaafu, alikuwa akimwonyesha fundi safu za zamani. "Mimi siku zote naanzia getini," alisema. "Kwani wewe unaanzia wapi?" Fundi akaanza kuhesabu upya, safari hii kutoka getini. Katika safu ya makaburi sita, la tatu kutoka getini ni la nne kutoka ukutani, na kila mtoto alilala chini ya jina la mwenzake.

Wakati huo mshonaji, mjane, alikuwa kitandani, siku zake zimebaki chache. Kila Jumamosi kwa miaka hiyo yote alikuwa amekaa kando ya jiwe akimsimulia mwanawe habari za wiki. Sasa alikuwa na ombi moja, azikwe miguuni pake.

Fundi alikwenda kwa paroko. "Ni hatua mbili tu, mwanangu," padre alimwambia. "Mwache mama wa watu afe kwa amani."

"Padre, amani hiyo nimeichonga mimi, na nimeiweka pasipo pake."

Siku tatu alizunguka mji, akifika mlangoni kwa mshonaji na kurudi. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Siku ya nne aliingia bila kupiga hodi, akapiga magoti, akasema yote.

Mshonaji alijiinua kwa kiwiko. "Nibebeni," akasema. Wakambeba juu ya kiti hadi makaburini. Akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi la kweli la mwanawe. "Mwanangu, nisamehe. Mama yako alikuwa kwa jirani." Kisha akacheka, akalia, na waliombeba wakalia naye. Mawe yalihamishwa. Alizikwa juma lililofuata, miguuni pa mtoto wake.

Mwoka mikate hakulipokea hivyo. "Umenifanya nimlilie mtoto wa mwenzangu," alimwambia, na akaacha kumsalimu kwa miaka kumi na tisa. Wateja wengi wa fundi nao wakamwacha. Fundi hakujitetea. Alianza kwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari za kila jiwe, na hakupumzika tena. Aligundua kwamba chini ya jiwe tupu karibu na kisima alilala yaya aliyelea watoto wa nyumba tatu, akamchongea jina lake. Wapo wanaosema waliponywa huzuni wakiomba pamoja naye. Kanisa halijasema neno, nasi hatulitangulii.

Mwaka 1988 vumbi la mawe lilimmaliza mapafu. Mwoka mikate alikuja akasimama mlangoni. "Sijakusamehe," alisema. "Ila nimechoka kukupita njiani."

"Karibu ukae, dada."

Akakaa, akamshika mkono mpaka fundi akakata roho.

Ndugu waamini, tusijifariji kwamba kosa letu ni dogo na hakuna aliyeligundua. Yupo mtu anayelia mahali pasipo pake kwa sababu yetu, na huenda yuko kitandani sasa. Twende tukamwambie leo.