Alitaka Damu Yangu Ijibu kwa Niaba Yake

Alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa ubaoni nawaandikia watoto wa darasa la tano hesabu za sehemu. Nilitoka nje kuipokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Unajua ile kondomu ilipasuka," alisema.

Nilijua. Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwangu mtaa wa Kasha, na mimi ndiye niliyeona kwanza. Siku ile alicheka, akavaa viatu vyake vya ngozi na kuniambia nisijali, mwanamke mtulivu kama mimi hawezi kuwa na ugonjwa. Niliyapokea maneno yale kama sifa. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba dharau yangu haimwendei yeye peke yake.

Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, kila juma anapanda kwenye machimbo ya Luhwindja na kurudi Bukavu. Tulikuwa tumejuana miezi miwili, na katika miezi hiyo sikumuuliza swali hata moja la maana. Aliongea Kifaransa kizuri na alinawa mikono kabla ya kula, nami nikachukulia hivyo kuwa cheti cha afya. Nina miaka thelathini na minne, na kazi yangu ni kufundisha watoto kufikiri.

"Sasa unataka nini?" nilimuuliza.

"Uende kupima. Leo. Mimi hata chakula hakishuki."

Kumbe tangu Jumapili alikuwa anajitibu. Duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vya kuua bakteria, akavimeza viwili viwili. Alijiosha kwa maji ya ndimu mpaka ngozi ikamwasha, kisha ule mwasho akauchukua kuwa dalili. Alikuwa amekagua ulimi wake kwenye kioo. Akaniuliza kama nimewahi kukohoa. Mtu anayepima dhahabu mpaka punje ya mwisho aliamini virusi vya UKIMWI vinajitokeza ulimini siku ya pili.

Alasiri tulikutana kwenye kituo cha afya. Alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaketi mbali nami ili watu wasijue tumekuja pamoja. Lakini muuguzi aliponiita, aliruka na kunifuata ndani.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alinichoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, tukangoja. Kusema kweli, niliogopa. Nilitazama kile kipande cha plastiki na kukumbuka kila mwanaume niliyewahi kumpenda, ambao si wengi, na kila mmoja nikamwona adui.

"Iko muzima?" aliuliza yeye, kabla sijafungua mdomo.

"Kipimo hakikuonyesha virusi," muuguzi alijibu.

Alishusha pumzi, akasimama. "Basi na mimi niko muzima. Aksanti, maman."

"Kaa kwanza, papa. Damu yake haiwezi kujibu kwa niaba yako. Leta kidole."

"Niko na rendez-vous mu mji, kuna mutu ananingoja."

"Haitapita nusu saa."

"Lakini bibi yangu alipimwa Katana mwezi uliopita, juu ya mimba. Hakuwa na kitu. Huyu naye hana kitu. Mimi ningeutoa wapi ugonjwa?"

Ndivyo nilivyojua kwamba ana mke, na kwamba mke huyo ni mjamzito. Alilitamka hilo bila kunitazama, kama mtu anayeonyesha risiti.

"Mutu anaweza kuwa navyo miaka mingi, na bibi yake asiwe navyo," muuguzi alisema. "Kila mutu anapimwa yeye mwenyewe."

Mwanaume akasema atarudi kesho. Akaondoka. Wanawake wawili walichomwa vidole ili yeye asichomwe.

Muuguzi alifunga mlango. "Maman, usifurahi bado," aliniambia. "Hiki kipimo kinaongea habari za miezi iliyopita. Kilichotokea Jumamosi hakiwezi kuonekana leo."

Alinieleza taratibu. Mara moja tu haimaanishi lazima umeambukizwa, na mara nyingi hupati kitu, lakini mwanaume huyu hatumjui. Zipo dawa za kuzuia, zinazoanzwa kabla siku tatu hazijaisha, na mapema ni bora zaidi. Kesho jioni ningekuwa nimechelewa. Nilimwambia kwamba nimeanza kuwaogopa watu wote wenye virusi. Akatikisa kichwa.

"Mwenye anajua iko navyo, anakunywa dawa vizuri mpaka virusi havionekani tena mu damu, huyo hakuambukizi mu kitanda. Uogope huyu mwenye ametoka hapa."

Nilimeza vidonge siku ishirini na nane. Juma la kwanza nilifundisha huku kichefuchefu kikinipanda kooni, na watoto wakanong'ona kwamba mwalimu ana mimba. Nilimwandikia yule mwanaume ujumbe: nenda upime, umwambie mkeo kabla hajajifungua, maana kama unavyo na yeye akavipata, mtoto naye yuko hatarini, na dawa za kumkinga zipo. Alinijibu kwa picha ya mikono inayosali.

Nilirudi kupimwa baada ya majuma sita, kisha baada ya miezi mitatu. Sikuwa na virusi. Mara hiyo ya mwisho nilikaa kwenye ngazi za kituo nikalia, si kwa furaha tu.

Juma lililofuata alipiga simu. Alitaka kuja Kasha Jumamosi.

"Ulipima?" nilimuuliza.

"Wewe si ulipima?"

Nikakata simu. Mpaka leo sijui damu yake inasema nini, na naamini yeye pia hajui. Ninayemuwaza ni yule mwanamke wa Katana, ambaye hata jina lake sikuwahi kuambiwa.