Vibao vya Bi Hisae

Bi Hisae Tokunaga aliuza vitabu miaka thelathini na mmoja katika duka moja karibu na stesheni ya Tsuruoka, na mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na miwili ya mwisho. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili wake, na rafu za vitabu vya katuni zilikuwa milki yake. Zilikuwa na vibao vya kuonyesha ni za nani, kama kwingine kote: wavulana, wasichana, wanaume, wanawake.

Kila Alhamisi alikuja Mzee Kusakabe, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, wa mtaa wa nyuma, mikono ingali inanukia soya. Alinunua katuni za wasichana, zile za mapenzi ya shuleni zilizojaa maua na macho makubwa. Kabla hajaulizwa husema, "Ni za mjukuu wangu."

Mzee hakuwahi kupata hata mtoto, na mtaa mzima ulijua.

"Mjukuu hajambo?" Bi Hisae humuuliza, uso mkavu. "Amemaliza kitabu cha sita?"

"Juzi. Alilia sana," mzee hujibu huku akitazama viatu vyake.

Alhamisi moja alikuta wanafunzi wa kike wamejazana mbele ya rafu ile. Akageuka mlangoni, akaenda zake. Wiki tatu hatukumwona. Bi Hisae hakutulia.

"Mzee wa miaka sabini na moja anakimbia kibao!" aliniambia. "Katuni ni katuni. Leta ngazi."

Tuling'oa vibao vyote, tukapanga upya kwa hadithi: mapishi, michezo, mapenzi, mizimu. Kulikuwa na kitabu cha msichana mcheza voliboli anayempenda mpishi aliyekufa; tulibishana nusu siku kiende wapi.

Vurugu ilianza kesho yake. Mama mmoja alirudi na kitabu mkononi. "Dada, mwanangu wa miaka minane kakiokota kwenye mapishi. Ukurasa wa tatu mpishi anakatwa kichwa!" Bi Hisae akainama, akaomba radhi, akainama tena. Wanafunzi nao wakaja mbio: "Shangazi, vyetu viko wapi? Treni inaondoka sasa hivi!"

Hakujali. Alikwenda mwenyewe kununua tofu, akamwambia mzee vibao havipo tena, aje bila wasiwasi.

Akaja. Akazunguka rafu mara tatu, kisha akapandwa na hasira.

"Wewe Hisae, umenifanyia nini? Sioni chochote!"

"Nimeviondoa kwa ajili yako, ili usione haya!"

"Haya ni yangu, nani kakutuma uniondolee? Angalau njia nilikuwa naijua!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Duka zima likageuka kumtazama. "Mimi napenda za wasichana. Haziendi mbio. Watu wawili wanachukua kurasa arobaini kushikana mikono tu. Kibao kinaniambia zipo wapi, basi!"

"Na mjukuu?"

"Mjukuu ni mimi!"

Nilidhani ataanguka kwa fedheha. Lakini msichana mmoja, Chinami, mwenye begi la tenisi, akaruka mbele: "Babu, hicho cha kushikana mikono nakisoma pia! Umefika kitabu cha tisa? Usiniambie kinaishaje!"

"Cha tisa kimetoka?" mzee akauliza. Haya yote ilimtoka palepale.

Bi Hisae alicheka hadi akakaa chini. Jumapili iliyofuata tulivirudisha vibao. Za watoto wadogo tulizishusha rafu ya chini, mbali na nyingine, na karibu na mlango tukaweka meza moja isiyo na kibao, ambapo mteja yeyote anaweka kitabu cha dukani alichokipenda pamoja na kadi aliyoiandika. Kadi ya kwanza ilikuwa ya mzee: "Ukurasa wa 112 nililia. Kusakabe, tofu." Madereva wawili wa malori walinunua kitabu hicho, kila mmoja nakala yake, wiki hiyohiyo.

Nikamuuliza Bi Hisae kama basi ameshindwa. "Nimeshindwa nusu," akasema. "Kibao kinajua kitabu kilipo. Hakimjui msomaji."

Mwaka jana alistaafu. Alhamisi bado duka lina kelele, kwa sababu mzee anataka msichana wa katuni yao aolewe na mwalimu wa muziki, na Chinami anasema, "Babu, huna macho! Yule mwalimu ni mnafiki!"