Kuku wa Mwisho wa Assunta

Saa moja asubuhi, Loreta Cardarelli anamnyonyoa kuku kwenye beseni la maji ya moto, nyuma ya mgahawa wa uwanjani, kijijini Roccamerla. Manyoya yamemganda hadi viwikoni. Hatazami anachofanya. Anatazama ng'ambo, kwenye ukuta wa ghala la zamani, ambako mafundi wawili wamepanda jukwaa wanachora sajini wa Kijerumani akicheka, bakuli mkononi.

"Wamempa meno mazuri," anasema. "Yule wa kweli sijui alikuwa na meno gani. Mama hakuwahi kusema."

Loreta ana miaka sitini na tisa, mjane, na ndiye mpishi wa ile supu ya kuku inayoleta mabasi ya wageni kila mwisho wa wiki. Kwenye orodha ya vyakula inaitwa Supu ya Sajini, yuro kumi na nne bakuli moja. Yeye hulipwa yuro hamsini kwa siku, siku tatu kwa wiki, pamoja na kitambaa cheusi cha kichwani ili afanane na wanawake wa kwenye filamu.

Filamu yenyewe ilipigwa hapahapa, mwaka 1963. Wajerumani wamekalia kijiji, njaa inauma, watu wanazua mazishi ya uongo ili watoroshe unga ndani ya jeneza. Sajini anaingia nyumba ya msiba, anakuta supu, anaonja, anapiga paja: "Marehemu alijua kupika!" Anakula mpaka anasinzia, jeneza linapita. Nchi nzima ilishika mbavu. Mpaka leo wageni huipaza sentensi hiyo kwa pamoja kabla ya kijiko cha kwanza, na Loreta hutakiwa atoke jikoni ainamishe kichwa, apigiwe makofi.

Wale wa filamu walisimuliwa kisa hiki na wanaume waliokuwa wakinywa mvinyo. Wakachukua nusu inayochekesha wakaenda nayo Roma. Nusu nyingine wakatuachia sisi.

Nusu hiyo ni hii. Januari 1944, seremala Quirino Lattanzi alitangaza kwamba mama yake amefariki. Bibi kizee alikuwa mzima, amefichwa darini. Jeneza lilijaa unga wa kijiji kizima. Siri waliijua wanaume wachache tu. Wanawake hawakuambiwa, maana eti wana midomo.

Kengele ikalia. Assunta, mama yake Loreta, wakati huo binti wa miaka kumi na saba, alifanya alichofunzwa tangu utotoni. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Jirani ndiye anayepika, ndiye anayeleta sufuria, na hula kijiko cha kwanza pamoja na wafiwa ili nao wapate moyo wa kula. Alikuwa na kuku mmoja, wa mwisho, amemficha kapuni chini ya ngazi. Akamchinja.

Alipofika mlangoni kwa Quirino na sufuria inayofuka moshi, sajini alikuwa amesimama pale. Jana yake kijiji kizima kilimwapia kwamba hakuna kilichobaki, hata kuku. Hakuonja. Alifunua kifuniko, akanusa, akaamuru nyumba ipekuliwe. Jeneza likafunguliwa. Quirino akasimamishwa kwenye ukuta wa ghala, ukuta huohuo unaochorwa leo, akapigwa risasi.

Tangu siku ile hakuna aliyebeba tena sufuria kwenda nyumba ya msiba, hapa Roccamerla. Hata kwa Quirino hakuna aliyethubutu. Mjane wake na kabinti kake, Ottavia, walikaa na jiko baridi.

"Filamu ilipoonyeshwa uwanjani, nilikuwa na miaka minane," Loreta anasema. "Nilicheka kuliko wote. Mama alikuwa kando yangu. Akainuka, akaenda zake nyumbani. Nami nikabaki nacheka."

Na ukubwani, akijua yote, alikwenda kuomba kazi ya kuipika supu ileile. Miaka kumi na tisa sasa. "Ningekula nini? Huku kuna kazi gani nyingine?" anauliza, kisha anajijibu mwenyewe: "Ningeweza kufua. Ningeweza kuchuma zeituni. Usiniandikie kwamba nilikosa njia."

Assunta alikufa Februari mwaka huu. Loreta hakuwasha moto, kama desturi ilivyo, akasubiri ingawa alijua hakuna wa kuja. Alikula mkate na jibini iliyokauka. "Ndipo nikajua Bibi Ottavia alilelewa na nini."

Kesho, Jumapili saa sita mchana, halmashauri itazindua mchoro wa sajini. Fedha za rangi zimepatikana. Za kuchonga jina la Quirino kwenye kipande cha marumaru ziliombwa miaka nenda rudi, zikakosekana. Supu imeagizwa ya watu mia mbili.

Fausto, mwenye mgahawa, anatokea mlangoni akifunga aproni. "Mama Loreta, na kesho ile sentensi utaisema wewe kwenye kipaza sauti, sawa?"

"Kesho sipiki, Fausto."

"Acha utani, mama yangu."

"Umeniona nimecheka?"

"Usipopika kesho, Jumatatu usije."

"Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko," Loreta anasema, na anaendelea kunyonyoa. Hana akiba.

Kikwazo chake kikubwa si Fausto. Ni dirisha la ng'ambo, linalotazamana na ukuta, ambako Ottavia, sasa bibi wa miaka themanini na minne, anamenya maharage. Wamesalimiana maisha yao yote. Ndani kwake Loreta hajawahi kukanyaga. Anafuta mikono, anavuka uwanja.

"Bibi Ottavia, kesho nikikuletea sufuria, utanifungulia?"

"Sufuria gani? Makombo ya wale wapiga makofi?"

"Kuku mzima. Wa kwangu. Saa sita."

Bibi anamenya ganda, anamenya jingine. "Mama yako angeileta, ningemfungulia. Nilimngoja sana, mwanamke yule."

"Aliogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa kumwita. Tumekuwa mabubu wawili kwenye uwanja mmoja mpaka amekufa." Anatazama juu, kwenye yale meno yaliyopakwa rangi nyeupe. "Utapita katikati yao wote?"

"Njia ni hiyo moja, bibi."

Loreta anarudi kwenye beseni lake. Hawa anaowanyonyoa ni wa mgahawa. Wa kesho yuko nyumbani kwake, hai bado, kapuni chini ya ngazi. Ameshainama kulishika beseni pale Ottavia anapotokeza kichwa dirishani.

"We Loreta!" bibi anaita, na mafundi juu ya jukwaa wanageuka. "Vijiko viwili!"