Meno Yaliyopigwa Chapa

Bartolomeo, fundi wa meno ya bandia pale Iyunga, alikuwa na mkono mwepesi kuliko mafundi wote kutoka Mbeya hadi Iringa, na anayebisha akatafune muwa kwanza. Lakini mwaka sabini na sita aliumbuka. Kila umbo la plasta alilopimia meno alilifungia kibati chenye jina la mwenye kinywa, na jina moja likamponza: Bujiku. Wasukuma wa Usangu humwita hivyo mtoto aliyezaliwa usiku, na usiku, jamani, huzaliwa wengi.

Mzee Bujiku, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi, akavaa meno aliyopewa. Yakacheza mdomoni kama njugu kwenye kopo.

"Fundi, haya ya nani? Nitatafunaje nyama mbele ya wakwe?"

"Ya Bujiku, mzee. Jina hilo hapo!"

"Bujiku yupi? Mimi ng'ombe wangu nawapiga chapa. Ningewapa majina tu, si wangeshahamia kwa jirani?"

Kumbe meno yake yalishapanda lori na Bujiku mwingine. Bartolomeo akaanza upya, na kabla plastiki ya pinki ya ufizi haijachemshwa ikaiva, akaichora kwa ndani chapa ya mzee: duara lenye mikia miwili.

Jumamosi mzee alishambulia mbavu mpaka wakwe wakanong'ona kwamba meno kayaazima. Akayatoa, akayafuta kwa shuka, akawaonyesha chapa.

"Hawa," akasema kwa mdomo wake wa kibogoyo, "ni wa zizini kwangu."